Kinanda Tulichokipasha Moto

Siku ya kwanza ya kazi nilichukua mfuko wenye sindano na uzi, kwa sababu nilidhani nimeitiwa kushona. Duka lilikuwa Ruwi, mjini Maskati, katika uchochoro ulio nyuma ya maduka ya vitambaa, na juu ya mlango wake palichorwa redio. Bi Rayya, mke wa mwenye duka, alikuwa akinunua kofia nilizozidarizi nyumbani, na yeye ndiye aliyenambia, "Nenda kwa mume wangu kesho asubuhi. Anataka mtu mwenye macho na subira." Kazi yenyewe hakuitaja. Nilipofika, mumewe aliweka mbele yangu bakuli lililojaa vijiti vidogo vyenye miguu miwili ya waya, kila kijiti kimezungushiwa pete za rangi.

"Hizi zimechanganyika," akasema. "Zipange."

"Nizipange vipi?"

"Kwa pete zake. Wewe unaweza kutazama kofia yenye vitundu visivyohesabika ukajua kipi kimekaa upande. Hili litakushinda?"

Halikunishinda. Nilikuwa mjane, n'na watoto wa kulisha, na sikwenda pale kushindwa.

Huyo ndiye tajiri wangu, na nitamwita hivyo mpaka mwisho, maana kwa lugha yetu ya Unguja tajiri ni yule anayekuajiri, awe na mali au asiwe nayo. Vijiti vile vilikuwa rezista. Kazi ya rezista ni kuubana umeme upite kwa kiasi, kama unavyobana mpira wa maji kwa vidole. Pete zake ni hesabu: nyeusi ni sifuri, kahawia ni moja, nyekundu ni mbili, rangi ya chungwa ni tatu, na kuendelea hivyo hadi nyeupe. Mimi sikusoma skuli. Herufi sizijui mpaka leo, na haya ninayoyasema anayaandika mjukuu wangu Asma kwa mkono wake. Lakini rangi nilizijua tangu utotoni, na nilipofahamishwa mara moja kila rangi inasimamia nini, sikuuliza tena.

Kitu kimoja tu kilinitatiza asubuhi ile. Chini ya taa ya duka, nyekundu na chungwa zilifanana kama ndugu. Nikachukua bakuli nikatoka nalo mlangoni.

"Unakwenda wapi na mali yangu?" tajiri akauliza.

"Juani. Taa yako inasema uongo."

Hakucheka, wala hakukasirika. Siku ya pili nikakuta meza imesogezwa hadi karibu na mlango. Meza hiyo ilikuwa ya msaji, nzito, na dukani ikiitwa meza ya kujenga. Upande mwengine wa duka palitengenezwa redio mbovu za watu. Kwenye meza hii tulijenga vitu ambavyo havikuwapo.

Vitu hivyo vilitoka katika majarida, na kwa kuwa vijana wa leo hawayajui, nitaeleza. Yalikuwa majarida ya kila mwezi, yakichapwa Uingereza kwa ajili ya watu wanaopenda kujenga vyombo vya umeme kwa mikono yao nyumbani. Kila toleo lilikuwa na kazi mbili tatu: king'ora cha mlango, taa za kukimbizana, kipimo cha betri. Mara chache, kwa sehemu sehemu, mwezi hadi mwezi, walileta kazi kubwa waliyoiita sinthesaiza. Hicho ni kinanda kisicho na uzi, wala ulimi wa chuma, wala mvukuto. Sauti yake hutengenezwa na umeme mtupu, unaotetemeshwa upesi au polepole kwa kadiri ya kibonye ulichobonyeza. Sisi tulikiita kinanda cha kujenga.

Majarida yalifika Maskati kwa meli, yamechelewa miezi, na pengine toleo la katikati halikufika kabisa, ukabaki na kichwa na miguu ya chombo bila kiwiliwili. Tajiri alikuwa na rundo la majarida ya zamani pia, aliyoyanunua kwa muhandisi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Watu waliingia dukani, wakachagua kazi kwenye jarida, nasi tukawakusanyia vipande katika mfuko wakajenge wenyewe. Wengi walipenda sisi tuwajengee.

Aliyeyasoma alikuwa Fundi Emanueli, mtu wa Tanga, aliyesomea ufundi wa umeme chuoni kabla ya kuja Omani. Yeye akisoma Kiingereza kwa macho na kutamka Kiswahili kwa mdomo, na mimi nikifuata picha kwa kidole. Mchoro wa umeme ni picha, na picha haitaki skuli. Mstari wa mkunjo mkunjo ni rezista. Mistari miwili inayotazamana bila kugusana ni kapasita, chombo kinachoweka umeme kidogo na kuuachia. Duara lenye miguu mitatu ni transista, ambayo ni mlango: umeme mdogo huufungulia mkubwa. Majina ya majarida sikuweza kuyasoma, kwa hivyo nilikuwa nikiyajua kwa majalada yake: toleo la roketi, toleo la mwanamke mwenye miwani, toleo la samaki. Fundi akitaka jarida, hutaja kilichomo, nami humpa.

"Mama, lile lenye king'ora cha gari."

"La roketi. Liko chini, chini ya birika lako la chai. Ukililowesha utalieleza kwa tajiri."

Kazi yangu kubwa ikawa kuchora bodi. Bodi ni ubao mwembamba uliobandikwa karatasi ya shaba upande mmoja. Unaichorea njia ambazo umeme utapita, kisha unauzamisha ubao katika dawa ya kahawia inayokula shaba. Shaba iliyofunikwa na mchoro husalia, nyengine huliwa. Wengine walichora kwa kalamu maalumu. Mimi nilichora kwa rangi ya kucha niliyoizimua, kwa kijiti kile kile tulichotumia kumchorea bibi harusi piko, na mstari wangu haukukatika. Dawa ile ilichafua kila kitu. Ilimwagika siku moja pembeni mwa meza ikaacha doa lenye umbo la figo, na Bi Rayya alipoliona akasema, "Meza ya watu mmeshaiharibu. Kesho mtakula na ukuta." Nililisugua doa lile kwa ndimu na chumvi. Halikutoka.

Tukafanya kazi hivyo kwa miaka. Kisha, katikati ya miaka ya tisini, simu za mkononi zikaanza kuonekana mjini, na tajiri akaanza kuitazama meza kwa jicho jengine. Wateja wa kujenga walipungua. Kila asubuhi alisimama katikati ya duka akipima kwa hatua, kutoka mlangoni hadi kwenye meza, kisha akarudi.

"Hapa linaingia kabati zima la vioo," akamwambia Fundi, mimi nikiwa nimeinama pale pale. "Simu zikae juu, betri chini."

"Na mama Zuwena akae wapi, bosi?"

"Nifikirie mimi, usimfikirie yeye."

Siku hizo ndipo alipokuja Mzee Nassor. Alikuwa mtu wa Sidab, mrefu, kofia yake moja niliidarizi mimi, na alikuwa mpiga ganuni katika kikundi cha taarab cha wazee wenzake waliotoka Unguja. Ganuni ni chombo chenye nyuzi nyingi, huwekwa mapajani na kudonolewa kwa mikono yote miwili. Alikaa kwenye kiti, akauinua mkono wake wa kushoto kwa kutumia wa kulia, akauweka juu ya meza yangu kama mtu anayeweka mfuko.

"Huyu ameninunia tangu nilipougua," akasema. "Hanifanyii kazi. Mjukuu wangu anaolewa, nami nimeshamwahidi nitapiga. Nataka kinanda cha kuchezwa kwa mkono mmoja."

"Yakhe Nassor, njia nzima imejaa vinanda vya Kijapani," tajiri akamwambia. "Pita ukachague."

"Nimeshapita. Vinapanda ngazi nzima nzima kama askari. Mimi nataka robo."

Robo, kwa wasiojua taarab, ni sauti iliyo katikati ya vibonye viwili vya kinanda cha kizungu. Bila robo hakuna rasti wala bayati, na maqamu nyingi, yaani njia za sauti, tulizozilelea watoto hazichezeki. Vinanda vyenye robo vilikuwapo duniani, lakini Mzee Nassor hakuviona katika maduka aliyopita, na harusi haikuwa mbali.

Fundi akanitazama, nami nikanyoosha mkono chini nikatoa toleo la mwanamke mwenye miwani, ambamo ndimo ilimokuwa sinthesaiza. Katika kinanda kile kila kibonye kilipata sauti yake kutoka kwenye mnyororo wa rezista zilizo sawa. Fundi alifahamisha kwamba tukiweka rezista za kuzungushwa kwa bisibisi mahali pa zile za kawaida, tutaweza kuishusha sauti moja peke yake, ilimradi kinachopunguzwa hapa kirudishwe kwa jirani yake, ili vibonye vya juu visisogee. Mzee Nassor alisikiliza mpaka mwisho.

"Sijaelewa hata neno," akasema. "Jengeni."

Alipoondoka, tajiri alikuja akaegemea meza.

"Sikilizeni nyote wawili. Hii ni kazi ya mwisho niliyoikubali, na nimeikubali kwa sababu ya Nassor. Kikikubali, watakuja wengine wa taarab, na meza inabaki. Kikikataa, meza inatoka, na wewe Bi Zuwena utarudi kwenye kofia zako. Sikutishi. Nakwambia ili ujue."

"Nimejua," nikamjibu. "Sogea, umesimama kwenye mwangaza wangu."

Tulijenga kwa wiki kadhaa. Nilichora bodi nne kwa mkono, nikatoboa matundu, nikapachika vipande, nikalehemu. Kulehemu ni kuunganisha mguu wa kipande na shaba ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa na pasi ndogo yenye ncha. Risasi ikikaa vizuri hung'ara. Ikipoa vibaya huwa ya kijivu kama jivu la udi, na hapo umeme hupita unapotaka wenyewe. Sikuacha hata moja ya kijivu. Fundi alipima kila hatua kwa mita yake. Siku ya kukilinganisha, yaani kukipa kila kibonye sauti yake sahihi, alikuja mpiga fidla wa kikundi akakaa nasi asubuhi nzima, yeye akivuta uzi, mimi nikizungusha bisibisi. Alipoondoka, kinanda kilikuwa kinaimba rasti safi mbele ya tajiri, naye akaitikisa kofia yake kidogo. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tukakipeleka Sidab, ndani ya gari ya tajiri, mimi nimekipakata. Ilikuwa kiangazi. Mzee Nassor alitaka kukijaribu uani, mahali ambapo harusi ingekuwa, akakaa chini ya turubai na kukiweka mbele yake. Alianza vizuri. Kisha nikamwona ananyanyua kichwa. Akabonyeza kibonye cha chini, akabonyeza ndugu yake wa juu, akarudia. Sauti ya juu ilikuwa imeshuka. Akangoja kidogo, akarudia tena, na ilikuwa imeshuka zaidi. Kadiri ulivyopanda vibonye ndivyo vilivyozidi kupotoka, na robo zote tulizozihangaikia zikawa fujo.

"Kinanda chenu kina hali ya wageni," Mzee Nassor akasema. "Kimeona jua la Sidab, kimezimia."

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. Tajiri alikuwa ameshageuka kuelekea garini.

Kosa letu lilikuwa la watu wa Maskati. Sisi huishi ndani ya kiyoyozi, tukitoka kwenye kiyoyozi cha nyumba hadi cha gari hadi cha duka, mpaka tukasahau kwamba ile si hewa yenyewe. Tulikijenga kinanda kwenye ubaridi, tukakilinganisha kwenye ubaridi, tukakisifu kwenye ubaridi. Mwandishi wa jarida naye alikuwa ameandika kwamba kiachwe kipate joto la chumba kabla ya kuchezwa, na chumba chake kilikuwa Uingereza.

Tulipofika dukani tajiri akazima gari.

"Harusi ni Alkhamisi ijayo," akasema. "Mwenye kabati la vioo anakuja Jumamosi baada yake. Mimi nimeshamaliza."

Sikwenda nyumbani kulia. Nilimwambia Fundi aketi, anifahamishe ni kipi hasa ndani ya kinanda kinachosikia joto, na asinipunguzie. Akanionesha transista mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo kama pacha. Hizo, alisema, ndizo zinazoigeuza hatua ya kibonye kuwa sauti, na zenyewe hubadilika tabia kila joto linapobadilika. Nikamuuliza kama tunaweza kuzipoza. Akasema hapana, si uani Sidab.

"Basi kama hazipoi, zinaweza kukaa na joto?"

"Joto la kiasi gani, mama?"

"Kubwa kuliko la Sidab. Lisilopanda wala lisiloshuka. Hata jua liwe vipi, zenyewe ziwe zimeshazoea zaidi ya hapo."

Fundi akaacha kuchezea bisibisi. Akasema wapo wanaofanya hivyo katika mitambo mikubwa, alisikia chuoni, ila sinthesaiza ya jarida haikuwa nayo na hakuwa na mchoro. Kingetakiwa kipashio kidogo, na kitu cha kuhisi joto, cha kukiwasha na kukizima kipashio chenyewe kwa chenyewe. Aliposema hivyo nikakumbuka picha. Nikainama, nikalitoa toleo la samaki. Ndani yake mlikuwa na tangi la samaki wa mapambo, na kando ya tangi mchoro ambao sikupata kuujenga kwa sababu hakuna mtu Maskati aliyetaka kuwapashia samaki maji.

Fundi akausoma, akausoma tena.

"Mama," akasema, "hawa samaki wanaishi kwenye joto moja mwaka mzima."

"Nasi tunataka hivyo hivyo. Punguza maji."

Tukauchukua mchoro wa samaki tukaufanya mdogo. Zile pacha mbili tuliziweka ndani ya kopo dogo la bati la haluwa, pamoja na rezista nene ya kupashia, na themista, ambayo ni rezista inayobadilika kwa kuhisi joto. Kopo nikalivisha ndani kwa vipande vya pamba vilivyosalia kwenye kofia. Mara ya kwanza tuliibandika themista kwenye ukuta wa kopo, mbali na pacha, nayo ikahisi ukuta umepoa, ikaamrisha moto zaidi, hadi pamba ikaanza kunuka. Bi Rayya aliingia akauliza nani anaunguza maandazi. Tulifungua, nikashona vazi jipya, na safari hii nikaifunga themista kwa uzi juu ya mgongo wa pacha wenyewe, fundo juu ya fundo. Moto ukatulia.

Kisha nikafanya jambo ambalo tulistahili kulifanya tangu mwanzo. Nilizima kiyoyozi cha duka, nikafungua mlango wazi, na meza yangu ikapokea hewa ya Ruwi ya mchana kama ilivyo. Mpiga fidla aliitwa tena. Alikuja na taulo shingoni.

"Mnataka kuniua?" akauliza.

"Tunataka kukilinganisha," nikamwambia. "Vuta uzi."

Tajiri alisimama mlangoni, jasho linamchuruzika, wateja wake wa redio wananung'unika. Angeweza kuwasha kiyoyozi. Duka lilikuwa lake. Hakuwasha. Alisimama pale hadi kibonye cha mwisho.

Siku ya harusi turubai lilifungwa uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, pazia katikati. Fundi Emanueli na kinanda walikuwa kwa wanaume, mimi kwa wanawake pamoja na Bi Rayya, kwa hivyo yote yaliyotokea niliyajua kwa masikio tu. Nilikuwa nimemwagiza Fundi jambo moja: akichomeke kinanda mapema na kisizimwe, maana kopo halipati moto wake mara moja. Alifanya hivyo, akabonyeza sauti moja kunijulisha, nami nikatulia. Akatoka nje kufuata waya wa kipaza sauti.

Halafu upande wa wanaume feni ikaanza kuunguruma.

Nilijua pale pale. Palikuwa na tundu moja la umeme.

"Bi Rayya," nikasema, "wamechomoa kinanda wakaweka feni. Mwite mumeo."

Bi Rayya aliusogeza mdomo kwenye pazia. "Baba Said! Nani amewasha feni?"

Kisha sauti ya tajiri: "Joto limezidi, mke wangu."

"Ni wewe?"

"Watu wanaumia."

"Rudisha waya, bwana wee, kabla sijavuka hili pazia mbele ya wakwe za watu."

Wanawake wakaangua kicheko, na upande wa pili pia nikasikia wanaume wanacheka. Feni ikanyamaza. Lakini kopo lilikuwa limeshaanza kupoa, na kikundi kilikuwa kimeketi. Fundi aliporudi na kuambiwa, kama alivyonihadithia baadaye, alimnong'oneza Mzee Nassor asubiri. Mzee Nassor akamwambia mpiga fidla aanze peke yake na bashrafu, ule muziki usio na maneno unaofungulia taarab, na aurefushe. Akaurefusha. Aliurudia hadi wanawake waliokaa nami wakaanza kuulizana kama wanamuziki wamesahau nyimbo. Mimi niliweka mikono mapajani, nikaifumba. Ndani ya lile kopo palikuwa na meza yangu, na kila kitu kilichokuwa juu ya meza hiyo.

Kisha kinanda kikaingia. Kiliingia chini, kikapanda taratibu, kikafika kwenye robo ya rasti, kikakaa pale. Hakikushuka. Mzee Nassor akakiongoza juu zaidi, kule ambako siku ile kilizimia, na sauti ikabaki mahali pake, imenyooka. Jua lilikuwa bado juu ya turubai. Mama wa bibi harusi, aliyekuwa mbele yangu, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Bi Rayya akanigonga goti.

"Pumua, shoga," akasema.

Jumamosi yake mwenye kabati la vioo alikuja na kipimo chake. Tajiri alikutana naye mlangoni, akamwambia kabati litengenezwe jembamba, likae ukutani upande wa redio. Baadaye alipita karibu yangu bila kusimama.

"Meza inabaki," akasema.

Na kweli walikuja wengine wa taarab. Tulijenga vinanda kadhaa, kila kimoja na kopo lake, na kila kimoja tulikilinganisha mlango ukiwa wazi. Duka lilipohamia Khuwair ya Kusini, kwenye jengo la maofisi, meza ilikuja nasi. Huko msimamizi mpya aliyewekwa na tajiri, kijana mwenye tai, aliniuliza kila siku kwa nini nazima kiyoyozi. Kila siku nilimjibu, na kila siku akatoka nje kupiga simu. Kazi ilikwenda. Fundi Emanueli alirudi Tanga kujenga nyumba yake na kufungua duka lake, na alinitumia salamu kwa kila mtu aliyekuja Maskati.

Baada ya kuingia miaka ya elfu mbili kazi yenyewe ilibadilika. Majarida yaliacha kuja, moja baada ya jengine. Vipande vikawa vidogo mno, vinabandikwa kwa mashine juu ya bodi, havina hata miguu ya kushika. Vijana wakaleta vinanda ambavyo ndani mwake hapana cha kufungua. Sikuwalaumu, na sikujidai kwamba vyetu vilikuwa bora. Vyao havikutoka nje ya sauti hata ukiviweka jangwani. Lakini kilipoharibika kimoja kilitupwa, na cha kwetu kilitengenezwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijua, na sina haja ya kuizidisha.

Nilistaafu duka lilipofungwa. Tajiri wakati huo alitembea na mkongojo, na Bi Rayya alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Tajiri alituma gari hadi hapa Mabela, wabeba mizigo wakaishusha meza ya msaji mbele ya mlango wangu mpya, wakahangaika nayo hadi ndani. Dereva alikuwa na ujumbe wa kusema, naye aliukariri kama alivyoagizwa.

"Anasema: nilikwambia inabaki."

Vijana wanaonisikiliza hupenda kuniuliza kama nilikuwa na kipaji. Sijui kipaji ni nini. Nilikuwa na macho, nilikuwa na watoto wa kulisha, na nilipoambiwa kitu hakiwezekani nilitaka nioneshwe mahali hasa kinaposhindikana. Mara nyingi mahali hapo ni padogo, panaingia kwenye kopo la haluwa. Kazi yoyote utakayoishika, kitafute kipande hicho, kisha kilinganishe katika hali kitakamotumika, si katika hali unayoipenda wewe.

Jana amekuja yule bibi harusi wa Sidab, sasa mama wa watoto wakubwa, amekibeba kinanda cha babu yake ndani ya shuka. Mzee Nassor hayupo tena. Kibonye kimoja hakitoi sauti, na binti yake anataka kukicheza. Nimeshalifungua kopo. Pamba imegeuka kahawia, uzi wangu bado umeshika. Ni risasi moja tu chini ya kibonye hicho iliyogeuka kijivu, na mikono yangu inatetemeka siku hizi, ndiyo maana pasi nimeiweka upande wako.

Asma, umeandika vya kutosha. Inua kiwiko chako kwenye doa hilo, weka kalamu, ukazime kiyoyozi. Fungua na mlango.